Uhasibu, ununuzi, mauzo au utumishi: uombe idara gani kwa wiki 8 za fildi?

Kila mwaka barua za mafunzo kwa vitendo zikianza kutolewa, swali mabwenini ni moja: ukishapokelewa na kampuni, uombe kupelekwa idara gani? Majibu mengi hutolewa kwa kuangalia sifa ya idara. Uhasibu una hadhi. Masoko yana watu. Utumishi una kiyoyozi. Stoo ni adhabu, anapelekwa asiye na mtu wa kumsemea. Mwanachuo wa CBE, IFM, TIA au Mzumbe anachagua kwa sifa hizo, halafu wiki ya tano anajikuta hana cha kuandika kwenye logibuku zaidi ya "nilisaidia kupanga mafaili".

Mimi ni mmoja wa wanaosaini hizo logibuku, katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa Dar es Salaam, na kipimo ninachokitumia kulinganisha idara ni kingine: mzunguko wa kazi unachukua muda gani? Kila idara ina kazi yake inayoanza, inayopita mikononi mwa watu kadhaa, kisha inafungwa. Vyuo vingi vinatoa wiki 8, yaani siku 40 za kazi, na humo utoe Saba Saba na Nane Nane zikiangukia katikati ya juma. Mzunguko ukiwa wa siku tatu, utauona ukijirudia hadi uuzoee. Ukiwa wa mwezi, utauona mara mbili. Ukiwa wa mwaka, utaondoka umeona kipande tu, tena kipande cha katikati, bila kujua kilianzaje.

Jedwali hili ni la mwenye haraka. Maelezo yenyewe yako chini yake.

| Idara | Mzunguko wake | Utakachoshika mapema | Mlango utakaofungwa |
|---|---|---|---|
| Uhasibu | Mwezi | Hati za malipo, risiti, masurufu | Benki na nywila za mfumo |
| Ununuzi na stoo | Siku chache hadi wiki mbili | Nukuu za bei, mapokezi ya mzigo, hesabu ya stoo | Kuchagua mzabuni, kusaini LPO (hati ya kuagiza bidhaa) |
| Mauzo | Siku moja hadi wiki | Oda, ziara za wateja, orodha ya wadaiwa | Kutoa mkopo na punguzo |
| Masoko | Miezi | Mabango, kurasa za mitandao | Bajeti |
| Utumishi | Mwaka | Likizo, mafaili ya mahudhurio | Mishahara, nidhamu, ugonjwa |

Uhasibu: mara ya kwanza unatazama, ya pili unafanya

Wiki 8 ni miezi miwili, na uhasibu hufanya kazi kwa mwezi. Kwa hiyo ukiingia tarehe nzuri utapata mizunguko miwili kamili. Kalenda yenyewe haiwekwi na kampuni, inawekwa na mamlaka ya mapato, TRA. Kufikia tarehe 7, PAYE (kodi ya mishahara) na kodi ya zuio (ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajatoka) za mwezi uliopita ziwe zimelipwa. Kufikia tarehe 20, ritani ya VAT iwe imewasilishwa. Mwisho wa mwezi hesabu zinafungwa. Ukijua tarehe hizo tatu, utajua pia kwa nini mhasibu aliyekuchekea tarehe 12 hataki hata salamu tarehe 19.

Utaanzia chini, na ni sawa. Utapewa rundo la hati za malipo uhakikishe kila moja ina viambatanisho vyake. Utapewa masurufu ya madereva na watu wa mauzo, uangalie kama aliyechukua laki mbili kwenda Morogoro amerejesha risiti za laki mbili. Kazi hizi zinachosha, lakini usizidharau, maana ndimo unapojifunza risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, ni kitu gani hasa. Chukua manunuzi ya shilingi 1,180,000, VAT ikiwemo. Wanachuo wengi hukimbilia kuchukua 18% ya namba hiyo wakapata 212,400. VAT iliyomo ni 180,000, kwa sababu bei ya awali ni milioni moja na kodi imeongezwa juu yake. Halafu angalia jina na TIN (namba ya mlipakodi) vilivyo kwenye risiti hiyo. Kama dereva alinunua bila kutaja TIN ya kampuni, mhasibu anaweza kushindwa kudai hiyo 180,000 kwenye ritani ya VAT, na kampuni itaibeba kama gharama. Ukiikamata moja ya namna hiyo kabla ya tarehe 20, hakuna atakayekuuliza tena umetoka chuo gani.

Utakaponyimwa ni benki. Hutaingia kwenye akaunti, hutaidhinisha malipo, na kampuni makini haitakupa nywila ya mtu mwingine. (Ikikupa, kataa kwa adabu. Muamala ukiharibika, jina linaloonekana kwenye mfumo ni la mwenye nywila, lakini kidole kitanyooshwa kwa mgeni.) Kwa hiyo kabla ya kuomba uhasibu, uliza kama utaruhusiwa kufanya usuluhisho wa benki kwenye karatasi au kwenye Excel. Kama jibu ni ndiyo, nenda. Kazi hiyo ya kuweka daftari la benki la kampuni ubavuni mwa taarifa iliyotoka benki, ukatafuta kwa nini salio hazifanani, ina mafunzo kuliko nusu ya muhula. Utakutana na hundi iliyoandikwa ikawa haijapelekwa benki, makato ambayo hakuna aliyeyaingiza, na zaidi ya yote fedha zilizoingia bila mwenyewe: mteja wa Kahama kalipa kupitia wakala, hakuandika namba ya ankara, na sasa kwenye leja anaonekana anadaiwa.

Kama jibu ni hapana, uhasibu unashuka hadi nafasi ya tatu kwenye orodha yangu. Wiki 8 za kutoboa karatasi na kuzipanga kwenye boksi faili hazitakupa chochote, hata kama ofisi iko ghorofa ya kumi.

Ununuzi na stoo: idara inayodharauliwa bila sababu

Naziweka pamoja kwa sababu kampuni nyingi za kati zinaziweka pamoja, na kwa sababu ukiona moja bila nyingine umeona nusu. Hapa ndipo ningempeleka mdogo wangu.

Mzunguko wake ni mfupi na unaonekana kwa macho. Idara fulani inaandika ombi la ununuzi. Ofisa ununuzi anatafuta nukuu za bei, kwa kawaida kutoka kwa wauzaji watatu. Zinalinganishwa, mmoja anachaguliwa, LPO inatoka. Mzigo unafika, mtunza stoo anauhesabu na kuandika hati ya mapokezi, ile wanayoiita GRN. Ankara inafuata. Kisha karatasi tatu, LPO, GRN na ankara, zinakwenda uhasibu zikiwa zimebanwa pamoja ili malipo yafanyike. Katika wiki 8 unaweza kufuatilia oda nyingi kutoka ombi hadi malipo, na kila moja itakuwa na kisa chake.

Faida kubwa iko pale karatasi tatu zinapokutana. Tuseme LPO ilisema katoni 200 za mafuta ya kula kwa 24,000 kila moja, yaani 4,800,000. Zimeshushwa katoni 188. Ankara imekuja na 200. Tofauti ni 288,000, na sasa kuna maswali. Katoni 12 zilibaki kwa muuzaji, zilipotea njiani, au zilihesabiwa vibaya wakati wa kushusha? Nani alisaini? Dereva alikuwepo? Uhasibu ulipe 4,512,000 na kuomba ankara irekebishwe, au usubiri katoni zilizobaki? Darasani mada hii ni ukurasa mmoja wa udhibiti wa ndani. Stoo utaiona ikiwa na sauti, jasho na mtu anayeapa kwamba alishusha zote.

Halafu kuna kuhesabu stoo. Omba kabisa uwepo siku ya kuhesabu. Utajifunza kwa nini kadi ya bidhaa inasema 340 na rafu ina 331, kwa nini bidhaa iliyoingia kwanza inapaswa kutoka kwanza, na kwa nini haitoki: vijana wa kupakia huchukua lililo karibu na mlango. Utaona boksi lililofika tarehe yake ya mwisho nyuma ya mengine huku kampuni ikiagiza jipya. Mtu aliyeona hayo akija kusoma hesabu za kampuni, neno "bidhaa zilizopo" haliwi tena namba tu.

Ubaya wake? Stoo ni vumbi, joto na kusimama. Vaa viatu vilivyofungwa, si vya kwenda kanisani. Kwenye ununuzi kuna ubaya wa aina nyingine: bei ni siri, na wauzaji watakuja na soda na maneno matamu. Mwanachuo aliyepiga picha jedwali la kulinganisha bei akamtumia "rafiki" amemaliza fildi yake siku hiyo hiyo.

Kwenye ofisi za umma mambo ni tofauti kidogo. Tangu 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS, na akaunti ya mfumo ni ya mtumishi mwenyewe. Wewe utakaa pembeni yake. Unaweza kujifunza mengi kwa kutazama, hasa mpango wa ununuzi wa mwaka unavyojengwa, lakini mikono yako itafanya kazi kidogo kuliko kwenye kampuni binafsi yenye LPO za karatasi. Ukilenga kazi hii baadaye, kumbuka ina bodi yake, PSPTB, yenye mitihani na usajili, kama wahasibu walivyo na NBAA tangu 1972. Wanaosema ununuzi ni kazi ya yeyote ajuaye kupatana bei wamepitwa na wakati.

Mauzo na masoko si kitu kimoja

Vyuoni yanafundishwa kwa pamoja, na barua nyingi huandika "idara ya mauzo na masoko". Kazini yanatofautiana, kuanzia saa ya kuamka.

Mauzo huanza asubuhi kwa kupakia gari na huisha jioni kwa kukabidhi fedha na kupeleka oda za kesho. Mzunguko wake ni siku moja. Ukikaa na mtu wa mauzo wa ruti ya Mbagala au ya Kariakoo kwa wiki mbili, utajua duka linaagiza nini Jumatatu, kwa nini Ijumaa ni siku ya kukusanya madeni, na kwa nini mteja mkubwa kuliko wote ndiye anayelipa polepole kuliko wote. Kwa anayetaka kufungua biashara yake mwenyewe, hakuna idara ya kuishinda hii. Utajifunza kusikia "hapana" bila kukunja uso, jambo ambalo hakuna mtaala unaolifundisha.

Lakini hesabu gharama kwanza. Kampuni nyingi hazimlipi mwanachuo, nyingine zinatoa nauli tu. Ukiwa uhasibu, unapanda mwendokasi mara mbili kwa siku na umemaliza. Mauzo yatakula viatu, vocha na chakula cha mchana cha nje, kwenye jua. Kama unategemea fedha ya mafunzo kwa vitendo ya bodi ya mikopo, HESLB, jua kwamba huweza kuingia fildi ikiwa imeshaanza, na wiki ya kwanza utajigharimia. Uliza kabla: nani analipa nauli ya ruti? Ukijibiwa "tutaangalia", hesabu kwamba ni wewe.

Ripoti ndiyo sehemu inayowasumbua waliochagua mauzo. Wana visa vingi na namba chache. Mbinu ninayowapa ni hii: omba kusaidia orodha ya wadaiwa. Panga madeni kwa umri wake, siku 30, 60, 90 na zaidi, kisha tembelea wateja wachache wa kundi la mwisho pamoja na mhusika wa ruti, uandike sababu ya kila mmoja kuchelewa. Hapo una takwimu, una maelezo, na una mada ya ripoti ambayo msimamizi wa chuo hataiona kuwa hewa. Majina ya wateja yageuze kuwa Mteja A na Mteja B.

Masoko ni habari nyingine. Kampeni hupangwa kwa miezi, wakala wa matangazo analipwa, bidhaa inazinduliwa, matokeo yanapimwa robo ya mwaka ikiisha. Mwanachuo wa wiki 8 ataangukia katikati. Atapewa ukurasa wa Instagram aujibu, au fulana agawe kwenye banda la maonyesho. Ukibahatika kuwa Dar wakati wa Saba Saba, na kampuni ina banda viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, utaona masoko yakifanya kazi kwa wiki nzima bila kupumzika. Nje ya hapo, kati ya mauzo na masoko nachukua mauzo bila kufikiri sana, hata kwa anayesomea masoko.

Utumishi: nzuri kwa wachache

Sitaki nieleweke kwamba idara hii haina maana. Ina maana sana, ila mzunguko wake ni wa mwaka: ratiba ya likizo, tathmini ya utendaji, mikataba inayoisha, bajeti ya mafunzo. Mengi ya ndani yake hayapaswi kuonwa na mgeni. Faili la nidhamu, cheti cha daktari na mshahara wa mtu ni mambo yake binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kampuni zimekuwa na sababu zaidi ya kufunga kabati. Ofisa anayekufungia siyo mchoyo.

Kinachobaki wazi ni sheria, na humo kuna kazi ya kufanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, nazo ni siku mfululizo, Jumapili ikiwemo. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kama wamezaliwa pacha. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki. Omba kadi za likizo za wafanyakazi wa idara moja, hesabu salio zao kwa sheria, kisha linganisha na kilichoandikwa. Mara nyingi hazifanani, na ofisa atashukuru.

Jambo la pili ni mshahara, ambalo unaweza kulifanya kwa mfano bila kuona wa mtu yeyote. Mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara ana mshahara wa 600,000. NSSF yake ya 10% ni 60,000, inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni 8%, yaani 20,000. Zile 20,000 zinazozidi 520,000 zinatozwa 20%, yaani 4,000. PAYE ni 24,000, na mkononi anapokea 516,000. Upande wa pili mwajiri anaongeza NSSF yake 60,000, na juu yake tozo ya SDL ya kuendeleza ujuzi na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mwanachuo anayeweza kulieleza hilo kwa kibarua aliyeuliza "mbona hela yangu imepungua" ameshaelewa nusu ya kazi.

Utumishi unapanda juu katika hali moja: kiwanda chenye vibarua wengi. Pale Chang'ombe, barabara ya Nyerere au Unga Limited kule Arusha, vibarua wanaandikishwa, wanahesabiwa na kulipwa kwa wiki au nusu mwezi. Mzunguko unafupika, na idara inakuwa na kelele kama stoo. Hapo nenda. Na kama shahada yako ni ya rasilimali watu, bila shaka huna haja ya kuniuliza.

Kuna jambo linalonikera, na litajwe. Wasichana wanapokewa na kupelekwa utumishi au mapokezi, wavulana stoo au mauzo, kabla hata barua haijasomwa. Dada yangu, usikubali kimya kimya. Sema unataka stoo. Wengi wanaokataa hawana sababu zaidi ya mazoea.

Nyinginezo, kwa ufupi

Huduma kwa wateja kwenye benki au kampuni ya simu: utajifunza subira na utapata cheti chenye nembo kubwa, lakini utaelekeza watu foleni. Ukaguzi wa ndani: mzuri mno, ila kwa aliye mwaka wa mwisho; wa mwaka wa kwanza hatajua anachokitafuta. Uwakala wa forodha, kwa walio Dar au Tanga: mzunguko wake ni kontena moja, kutoka nyaraka hadi lori kutoka getini, na kila siku ya kuchelewa ina tozo yake. Ukipata kampuni itakayokuruhusu ufuate kontena moja mwanzo mpaka mwisho, nailinganisha na stoo.

Serikalini au kampuni binafsi?

Idara moja hubadilika kulingana na kalenda ya taasisi. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na hesabu za mwisho zinapaswa kumfikia CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi mitatu, yaani hadi Septemba 30. Fildi nyingi huangukia Julai hadi Septemba. Kwa hiyo mwanachuo aliye uhasibu wa halmashauri au wakala wa serikali kipindi hicho anashuhudia hesabu za mwaka zikifungwa, kitu ambacho mwenzake kwenye kampuni inayofunga Desemba 31 hatakiona. Wakati huohuo, Julai fedha za mwaka mpya huwa bado hazijatiririka vizuri, hivyo malipo na ununuzi huwa vimepoa. Serikalini Julai, omba uhasibu. Kampuni binafsi Julai, omba ununuzi na stoo. Ukiniambia niandike ushauri wangu wote kwenye kipande cha karatasi, ningeandika sentensi hizo mbili.

Kuzungushwa idara zote, au kutulia moja?

Kampuni nyingi zina ratiba tayari: wiki moja kila idara, ili "uone yote". Kwa macho ni nzuri. Kwa kipimo cha mzunguko ni mbaya kuliko zote, kwa sababu wiki moja ni nadra kufunga mzunguko wowote isipokuwa wa mauzo. Siku ya kwanza unatambulishwa, ya pili unatafutiwa kiti, ya tatu na ya nne unapanga mafaili, Ijumaa unaaga. Mara nane.

Kukaa idara moja wiki zote 8 nako kuna hasara yake. Ukikaa uhasibu tu, utaamini kwamba ankara huanguka kutoka mbinguni.

Ninachokipendelea ni idara mbili zinazopeana karatasi, na uanze na ile inayotoa. Stoo na ununuzi wiki tatu, kisha uhasibu wiki tano. Utakapokaa uhasibu na kushika GRN, utamjua aliyeiandika, utaijua sahihi yake, utajua kwamba hupenda kuandika 1 inayofanana na 7. Kwa anayelenga biashara yake: mauzo wiki nne, kisha wadaiwa ndani ya uhasibu wiki nne. Kwa wa rasilimali watu: utumishi wiki sita, na mbili za mwisho kwa anayeandaa malipo ya mishahara, kama wataruhusu.

Ratiba ya kampuni huwa haibadiliki kwa barua. Hubadilika kwa maneno, siku ya kwanza au ya pili, ukiwa umekaa mbele ya ofisa utumishi. "Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunipokea. Nimeona ratiba, naomba kama itawezekana wiki zangu za stoo zifuatane na za uhasibu, niweze kufuatilia oda moja hadi inalipwa. Ripoti yangu inahusu hilo." Ombi lenye sababu ya kazi hukubaliwa mara nyingi. "Sipendi stoo" halikubaliwi, na linakumbukwa.

Usimfuate bosi mkubwa ukampita msimamizi wako. Hata akikubali, utakayekaa naye wiki 8 ni yule uliyemruka.

Na kama umeshapangiwa idara usiyoitaka na hakuna wa kukusikiliza? Tafuta karatasi inayotoka kwenye idara hiyo kwenda nyingine, uifuate hadi mwisho wake. Mapokezi kuna daftari la wageni na barua zinazoingia: barua ya malalamiko iliyopokelewa Jumatatu inafika meza gani, na inajibiwa baada ya siku ngapi? Masoko kuna ankara ya mchapaji wa mabango. Huduma kwa wateja kuna fomu ya kurejesha bidhaa, ambayo lazima ipite stoo na uhasibu kabla mteja hajarudishiwa fedha yake. Omba ruhusa ya kuipeleka kwa mkono wako kila inapokwenda, na ukifika muulize anayeipokea anaifanyia nini. Andika jibu lake kwenye logibuku jioni ile ile, kwa maneno yake, kabla hujapanda gari.